Saiba ya ngazi za mbao, Nakuru: nilipanda na nova, nikashuka na nundu mbili

Jina la saiba, yaani duka la intaneti, silitaji, kwa kuwa mbele nitalalamika, na sitaki kijana wa kaunta akose unga kwa ajili yangu. Mkaaji wa Nakuru ataijua tu. Ukishuka kwenye matatu za Njoro ukaelekea sokoni, utapita duka la dawa za mifugo, na ubavuni mwake kuna ngazi za mbao zinazolia kila unapokanyaga. Juu kuna kompyuta saba. Zinazofanya kazi ni tano, na ile ya dirishani kibodi yake haina herufi N, kwa hiyo ukiandika jina la mji wetu inatoka "akuru". Usikae hapo.

Wengi hupanda ngazi hizo kwa mambo manne: ritani za kodi za KRA, mkopo wa masomo wa HELB, cheti cha mwenendo mwema na picha za pasipoti. Mimi nilipanda mwisho wa Juni, foleni ya ritani ikiwa imefika hadi chini kwa muuza dawa za ng'ombe, nikiwa na shida ambayo haimo kwenye bango lao la bei.

Nafundisha fizikia katika sekondari ya kutwa upande wa Njoro. Tuna klabu ya sayansi: wanafunzi kumi na wanne wakija wote, tisa kukiwa na mechi. Wiki hiyo tulikuwa tumelitazama kundi la nyota liitwalo Nge likipanda kusini-mashariki baada ya magharibi, nikawaonyesha mahali fulani mbele kidogo ya mwiba wa mkia wa Nge huyo, ambapo Septemba 2008 wapenzi wa anga wa Japani na China waliona nova mpya. Iliitwa V1309 Scorpii. Nikawaeleza nova ya kawaida ni kitu gani. Kuna nyota kibete nyeupe, kiini kilichobaki cha nyota iliyozeeka, ukubwa wake kama Dunia na uzito wake karibu na wa Jua. Kibete hicho kinamnyonya jirani yake hidrojeni, gesi inarundikana juu yake mpaka joto lifike kiwango, kisha inalipuka yote kwa mpigo. Kibete chenyewe hakifi. Kinaanza kunyonya tena.

Hii ya Nge haikufuata mila hiyo. Ilipoa na kuwa nyekundu ndani ya majuma machache, badala ya kuonyesha moto wa ndani kadiri moshi unavyotawanyika. Mwanaastronomia Elena Mason na wenzake, waliopima spektra yake, yaani mwanga wake uliochambuliwa rangi kwa rangi, waliona inafanana na V838 Monocerotis, nyota iliyowachanganya watu mwaka 2002.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye husikii sauti yake wiki nzima, akanyoosha mkono. "Sasa Mwalimu, walijuaje ilikuwa nini kabla ya kulipuka, na imeshalipuka?"

Nikamwambia nitajibu wiki ijayo. Walimu wenzangu mnajua maana ya jibu hilo.

Nilipokwenda kusoma nikakuta nyota hiyo ilikuwa na bahati ya kupigwa picha miaka saba mfululizo na watu wasiokuwa na haja nayo. Chuo Kikuu cha Warsaw kina darubini ya kioo cha mita 1.3 huko Las Campanas, Chile. Mradi wake, OGLE, ulianza mwaka 1992 kwa kazi nyingine kabisa: kusaka nyota ambazo mwanga wake unakuzwa kwa muda na uvutano wa kitu kinachopita mbele yake. Kitu kama hicho hupita kwa nadra sana, kwa hiyo inabidi kupiga picha maeneo yaliyosongamana nyota, yale yale, usiku baada ya usiku. Ndani ya picha hizo, tangu Agosti 2001, kulikuwa na nyota moja hafifu ambayo hakuna aliyeishughulikia. Nova ilipotokea mahali pale pale, mwanaastronomia Romuald Tylenda na wenzake wakarudi kwenye kumbukumbu, wakakuta vipimo zaidi ya elfu moja vya kabla ya mlipuko. Walichapisha matokeo mwaka 2011, na vipimo vyenyewe viko wazi mtandaoni, yeyote mwenye bando anaweza kuvichukua.

Bando nilikuwa nalo. Simu ndiyo iliyoniangusha: faili lilifunguka namba zote zimeshikana kama ugali wa jana. Ndipo nikapanda ngazi.

Tuanze na intaneti, kwa sababu wengi watataka kujua hilo kwanza. Shilingi moja kwa dakika, na inakimbia. Faili lilishuka kabla sijakaa sawa kwenye kiti. Kijana akalitazama juu ya bega langu: safu tatu za namba, zinashuka bila mwisho.

"Madam, hii ni taarifa ya M-Pesa?"

Nikamweleza. Safu ya kwanza ni tarehe, ila wanaastronomia hawana mwezi wala mwaka. Wao huhesabu siku mfululizo, na zimeshapita milioni mbili na laki nne. Siku yao huanza adhuhuri ya Greenwich, yaani saa tisa alasiri kwetu. Safu ya pili ni mwangaza. Ya tatu ni kiasi cha shaka katika kipimo.

Hapa ndipo saiba hii inapojitenga na zile nyingine tatu nilizowahi kulia ndani yake. Kijana huyu hakuniambia "hiyo hatufanyi". Alisema mama yake ana chama, na yeye ndiye humpangia hesabu zao kwenye Excel, kwa hiyo safu tatu si kitu. Akawaomba wawili waliokuwa mbele yangu wavumilie kidogo (mmoja alivumilia, mwingine alisonya), akapanga namba, akachora mchoro. Kisha akaupindua juu chini, kwa nia njema kabisa.

"Ulikuwa umekaa vibaya," akasema. "Unasema nyota iliwaka, na namba zinashuka."

Hilo ni kosa la heshima. Katika vipimo vya nyota namba ndogo ndiyo yenye mwangaza mwingi. Nilimwambia afikirie nafasi darasani: namba moja ndiye anayeng'aa, namba arobaini humwoni. Akacheka, akarudisha mchoro ulivyokuwa. Baadaye akanionyesha kwamba kila mwisho wa mwaka kuna pengo tupu, akidhani faili limekatika njiani. Nalo si kosa lake. Desemba Jua hukaa upande ule ule wa Nge, nyota inakuwa juu mchana, na hakuna darubini itakayoiona.

Ukitazama mchoro wote kwa pamoja huoni chochote, ni vumbi tu. Nyota hiyo inapanda na kushuka kidogo kidogo kwa haraka, na picha hupigwa wakati wowote hali ya hewa ikiruhusu. Dawa yake ni kuzikunja tarehe. Unakisia kipindi, unagawanya kila tarehe kwa kipindi hicho, namba nzima unaitupa, unabaki na desimali. Ukikisia sawa, vipimo vya mwaka mzima vinapangana juu ya mzunguko mmoja. Ukikosea, vinabaki mchele uliomwagika sakafuni.

Nilikuwa nimesoma "siku 1.4 hivi", nikamwambia aweke 1.4 kwa vipimo vya mwaka 2002. Mchele. Tukajaribu 1.43, mchele. Wakati huo foleni ilikuwa imeanza kutusogelea, na mzee mmoja aliyekuja kupeleka ritani ya sifuri alikuwa ameegemea meza yetu akitazama kama anatazama draft. Kijana akaweka 1.438.

Sijui niwaelezeje. Nimefundisha kitu hiki miaka kumi na moja kwa chaki. Vile vidoti vilijikusanya vikawa mstari mmoja unaopanda, unashuka, unapanda tena, unashuka. Nundu mbili kwa mzunguko mmoja.

Mzee wa ritani akauliza, "Mbona mbili?"

Nikamchorea nyuma ya fomu yake. Chukua karanga yenye punje mbili ndani ya ganda moja, izungushe mbele ya macho yako. Ikikaa ubavu unaona mwili wote, ikikugeukia ncha unaona kiduchu. Ubavu unaupata mara mbili kwa kila mzunguko, ndiyo maana nundu ni mbili. Kwa hiyo ile haikuwa nyota moja wala kibete kinachomnyonya jirani kwa mbali. Zilikuwa nyota mbili zinazogusana, zimevaa ganda moja la gesi, zinazungukana kwa siku moja na nusu kasoro.

"Kama mitala," mzee akasema. Nikamwachia mwenyewe.

Kisha tukachukua vipimo vya mwaka 2007 na kipindi kile kile cha 1.438. Mchele tena. Kijana akaanza kuhangaika akidhani ameharibu fomula. Hakuwa ameharibu kitu. Kipindi chenyewe kilikuwa kimefupika. Aliposhuka hadi 1.424 vidoti vikatulia. Tofauti ni dakika kama ishirini kwa mzunguko, si nyingi kwa mtu anayesubiri matatu, lakini nyota mbili zikipunguza mzunguko wao kiasi hicho ndani ya miaka mitano zinaporomokeana. Na lile umbo nalo lilikuwa limebadilika: nundu moja ilikuwa imelala. Kutoka ngamia wa China hadi ngamia wa Isiolo.

Hapo stima ikapotea.

Nalo hili niliseme wazi kwa watakaokwenda. Hawana jenereta. Mashine ya kaunta ina betri ya kuokoa kazi, na kweli haikupotea hata namba moja, lakini zile nyingine zote zilizima. Tulikaa gizani dakika thelathini na tano, tukanunua chai na mandazi kwa mama anayepanda na birika (chai yake tamu, mandazi ya jana), na stima iliporudi tukakuta saa ya malipo ilikuwa inahesabu muda wote huo. Nililipishwa dakika za giza. Nilipouliza, mwenye saiba, ambaye hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na hana habari na nyota za mtu, alisema mashine ndiyo inahesabu, si yeye. Shilingi thelathini na tano si pesa ya kugombania mbele ya watu wa ritani. Lakini nimeiandika hapa.

Tulipomaliza mwaka 2007 tukaingia 2008, na hapo hakuna cha kukunja. Kuanzia Machi nyota inaanza kung'aa polepole, mwezi baada ya mwezi, na mdundo wake unafutika. Septemba ndipo watu wakaiona. Tylenda na wenzake walisema moja imemezwa na nyingine, na sijaona maelezo mengine yanayoweza kubeba yote mawili, kipindi kilichofupika na wekundu wa baadaye. Walipoendelea kupima baada ya mlipuko, ule mdundo wa siku moja na nusu kasoro haukurudi. Palipokuwa na wawili pamebaki mmoja, amejifunika vumbi.

Kijana akauliza swali la mwana Nakuru: "Sasa hatuwezi kutafuta nyingine zinazokaribiana, tubashiri?" Wapo waliobashiri. Mwaka 2017 Larry Molnar wa Chuo cha Calvin, Marekani, na wenzake walitangaza kwamba nyota maradufu KIC 9832227 zingeungana mwaka 2022. Mwaka 2018 timu nyingine ikagundua kwamba muda mmoja wa kupatwa kwa nyota hizo, uliochukuliwa kutoka chapisho la zamani, ulikuwa na kosa la uchapaji la saa 12. Ukisahihisha hilo, kipindi hakifupiki vile na mkeka unachanika. Nilimwambia wenzetu walikosea saa 12. Sisi wa saa za Kiswahili kawaida hukosea sita tu. Na katika klabu yangu ndivyo ilivyo: mtoto anaandika "saa 3" kwenye daftari la kutazama nyota, mwingine anaisoma saa tatu ya Kizungu, na Nge anahamia alfajiri.

Sasa uchapishaji, ndiyo huduma niliyoifuata hasa. Karatasi nyeusi na nyeupe ni shilingi kumi, ya rangi thelathini. Nyeusi na nyeupe wanaiweza. Nilichapa kurasa sita za namba ili kila mwanafunzi apate mistari yake ya kukunja kwa kikokotoo, zikatoka safi, zimepangwa, hata zimebanwa pini bila kuombwa. Ya rangi msichape hapo. Wino wa manjano umekwisha na wanaficha. Nilitaka mlipuko uonekane mwekundu, ukatoka waridi kama kadi ya harusi. Na kibaya zaidi, katika mchoro mkubwa vidoti hafifu vya pembeni havikutoka kabisa, kwa hiyo nyota ikaonekana safi kuliko ilivyo. Mwanafunzi akiona mchoro kama huo atadhani anga halina shaka. Nilirudisha karatasi mbili. Moja walichapa upya bure, ya pili wakasema ni mimi niliyechagua rangi.

Darasani mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa vikokotoo vilikuwa vitano. Yule msichana wa kidato cha tatu hakutosheka. Alitaka kujua kama nundu mbili haziwezi kutoka kwa nyota moja yenye mabaka mawili. Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye kufupika kwa kipindi: mabaka hayana sababu ya kukimbizana kwa namna ile, mwaka hadi mwaka, yakielekea upande mmoja. Alikubali, kwa shingo upande.

Wiki tatu baadaye flashi yangu ilikufa. Kila kitu: michoro, mistari, mtihani wa muhula. Nilipanda ngazi nikiwa na lawama tayari kichwani. Kijana akafungua kompyuta ya kaunta, akabofya folda moja iitwayo MADAM NYOTA, na humo zimo zote, hata ile michoro ya mchele tuliyoikosea. Hafuti kazi za watu, akasema. Huwezi kujua mteja atarudi lini.

Nilishukuru kwa moyo wote. Kisha nikaona folda iliyo kando yake, imeandikwa VITAMBULISHO.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa. Ndani ya folda hiyo, iliyo wazi mezani mbele ya kila anayesimama kaunta, mna picha za vitambulisho vya watu, mbele na nyuma, kwa mamia, tangu sijui lini. Tabia ile ile iliyoniokolea nova ndiyo inayomweka muuza mboga hatarini kukopewa kwa jina lake. Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019. Nilimwambia kijana, akasema atamwambia mwenye saiba. Mwenye saiba akasema faili ni nyingi, nani wa kuzipanga. Nilikaa nikangoja mpaka cha kwangu kikafutwa, pamoja na kile kilichobaki kwenye ndoo ya taka ya kompyuta. Mkienda, fanyeni hivyo. Na msione haya kusimama.

Kwa hiyo nyota ngapi. Intaneti na kijana wa kaunta ni tano bila ubishi. Rangi, moja. Stima na saa yao ya kuhesabu giza, moja na nusu. Folda ile ninaiachia wenye mamlaka. Nikichanganya yote nawapa tatu, na ningewapa nne kama mwenye saiba angenirudishia shilingi zangu thelathini na tano.

Nilipita tena juzi kuchapa ratiba. Kijana ameubandika mchoro wa mwaka 2002 ukutani, ule wa nundu mbili, kati ya sampuli za picha za pasipoti na bei ya laminesheni. Nilimkuta mama mmoja ameusimamia, begi la sukuma wiki mkononi, anauliza kama hiyo ni bei ya mahindi na kama itapanda tena.